Kikopo, muhuri na sabuni: historia ya cheti cha afya cha wapishi

1/ UZI. Kila msimu wa kampeni huku Pwani Kusini hoja hii lazima izuke. Mmoja anasimama jukwaani: "Tutawaondolea akina mama ada ya cheti cha afya!" Mpinzani wake anajibu: "Kumbe mnataka watu wafe na kipindupindu?" Makofi huku, matusi kule, watu wanarudi nyumbani. Leo sitaji mtu wala chama. Nataka tuangalie cheti chenyewe kilitoka wapi, kinapima nini hasa, na kwa nini pande zote mbili zinakosea. Mimi si daktari. Ni mtu aliyekibeba mfukoni miaka kadhaa.

2/ Kwa wasiokijua: Kenya, mtu yeyote anayeshika chakula cha kuuza anatakiwa apimwe na apewe cheti. Kinadumu miezi 6, halafu unaanza upya. Unapeleka choo kwenye kikopo, pengine unatolewa damu, unaangaliwa, unalipa, unagongewa muhuri. Mpishi wa hoteli ya ufukweni Diani, mama wa viazi karai stejini Ukunda, muuza samaki wa kukaanga Msambweni, wote ni hicho hicho.

3/ Nilianza kuosha vyombo katika hoteli moja Diani mwaka 2007. Disemba ilikuwa msimu, hoteli imejaa, nikaambiwa nirudishe cheti kipya. Nikakopa, nikalipa. Wiki chache baadaye uchaguzi ukachafuka, wageni wakapanda ndege, na Januari 2008 sisi vibarua tukaambiwa twende nyumbani. Cheti kikaisha muda kikiwa ndani ya sanduku. Nilipoitwa tena mwezi wa saba, swali la kwanza: "Medikali yako iko wapi?" Nikalipa mara ya pili.

4/ Wakati ule nilidhani ni bahati yangu mbaya. Baadaye nikaanza kuuliza: ni nani aliyeamua kwamba usalama wa chakula unapatikana kwa kumpima mtu kila miezi 6? Jibu linatupeleka mbali kidogo, New York, kwa mpishi mmoja mwanamke.

5/ Aliitwa Mary Mallon, mhamiaji kutoka Ireland. Mwaka 1906 alikuwa akipikia familia moja tajiri iliyopanga nyumba Oyster Bay. Watu 6 kati ya 11 mle ndani wakashikwa na taifodi. Mchunguzi aitwaye George Soper alifuatilia kazi zake za nyuma, akakuta karibu kila nyumba aliyopika ugonjwa ulizuka. Mary mwenyewe alikuwa mzima kabisa. Haendeshi, hana homa, ana nguvu za kumfukuza Soper kwa uma wa kukatia nyama.

6/ Hapo ndipo dunia ilipoelewa kitu cha kutisha: mtu anaweza kubeba vijidudu vya taifodi miaka mingi bila kuumwa. Mwaka 1907 walimkamata wakamweka kisiwani. Walimwachilia 1910 kwa sharti moja, asipike tena. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo uzi wote ulipo: alipewa kazi ya kufua nguo, na kufua kulilipa kidogo kuliko kupika. Hakupewa fidia ya maana wala ufundi mwingine.

7/ Mwaka 1915 taifodi ikazuka katika hospitali ya wazazi New York. Watu 25 wakaugua, wawili wakafa. Jikoni wakamkuta Mary, amebadilisha jina. Akarudishwa kisiwani na hakutoka tena mpaka alipokufa 1938. Wabebaji wengine waligunduliwa mjini humo humo na hawakufungwa kama yeye. Watu wakabaki na funzo moja tu: mpishi ni hatari, apimwe. Funzo la pili, kwamba mtu akinyimwa riziki atajificha, halikuchukuliwa.

8/ Tuje kwetu. Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, Sura ya 242, ilianza kutumika Septemba 1921, enzi za ukoloni. Ina mambo mengi mazuri: maji, vyoo, panya, nyama iliyooza. Lakini ilitungwa na serikali iliyozoea kumwona Mwafrika kama chanzo cha maradhi. Mkumbuke miaka hiyo hiyo mwanamume Mwafrika alikuwa akining'iniza kipande shingoni ili aruhusiwe kufanya kazi, mpaka kilipoondolewa 1947.

9/ Sisemi cheti cha afya ni kipande. Kipande kilikuwa cha kumfunga mtu kwa mwajiri, cheti kina nia ya kumlinda mlaji. Ila tabia wanafanana: mfanyakazi ndiye anayebeba karatasi, ndiye anayesimamishwa njiani kuionyesha, na asipokuwa nayo kosa ni lake. Jikoni lenyewe haliulizwi karatasi yake kwa ukali ule ule.

10/ Baada ya uhuru tukatunga yetu. Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, ni ya 1965. Kanuni zake za usafi wa chakula ni za 1978. Angalieni huo mwaka. Ndio wakati hoteli za Diani zinaota kama uyoga, ndege za kukodi zinashusha Wajerumani na Waingereza Mombasa, wanavuka Likoni na feri kuja huku. Mgeni mmoja akiharisha, kampuni ya utalii inauliza. Cheti kikawa jibu rahisi la kuonyesha: "Wapishi wetu wamepimwa."

11/ Halafu likaja jambo lenye kovu mpaka leo. Miaka ya ukimwi, damu ya mfanyakazi ikaanza kupimwa mambo ambayo hayahusiani na chakula. Mhudumu mmoja wa kampuni ya upishi Nairobi alipimwa virusi vya ukimwi bila ridhaa yake, matokeo yakaenda kwa mwajiri, akafutwa kazi. Aliwashtaki. Mwaka 2004 Mahakama Kuu ilikataa kuitupa kesi yake, na 2008 ikamalizika kwa makubaliano ya kumlipa fidia. Katikati hapo, 2006, Bunge likapitisha sheria inayokataza kumlazimisha mtu kupima ukimwi ili apate au abaki na kazi.

12/ Virusi vya ukimwi haviambukizwi kwa chapati. Hilo kila mtu alilijua. Lakini ukishampa mwajiri haki ya kudai kikopo na sindano kila miezi 6, ni vigumu kumwambia aishie wapi. Kwa hiyo mtu akikwambia "kupima hakudhuru mtu", mwambie kuna aliyedhurika, na korti inamjua.

13/ Sasa sayansi. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ya wataalamu kuhusu hasa jambo hili, kuwapima wafanyakazi wa chakula kabla ya kazi na kila baada ya muda. Walipima faida na gharama. Hitimisho lao: upimaji wa kawaida wa namna hiyo hauzuii magonjwa ya chakula kwa kiwango kinachostahili pesa zake. Wakashauri nguvu ziende kwenye mafunzo, usafi, na mfanyakazi kutoa taarifa anapoumwa. Hiyo ni 1989, jamani. Wengi wanaobishana hapa hawakuwa wamezaliwa.

14/ Uingereza, ambako ukoloni wenyewe ulitoka, hawamdai mpishi cheti cha choo kila miezi 6. Mwongozo wao wa 1995 ulijikita kwenye swali moja: leo unaharisha au unatapika? Kama ndiyo, nenda nyumbani, usirudi mpaka saa 48 zipite bila dalili. Sisi tumebaki na kikopo.

15/ Kwa nini kikopo hakitoshi? Hesabu ni hii. Kipindupindu kinaweza kuchukua saa chache mpaka siku 5 tangu kikuingie hadi uanze kuharisha. Cheti kinadumu siku 180 hivi. Umepimwa Jumatatu ukiwa safi, Alhamisi umekunywa maji mabaya, Jumamosi wewe ni hatari, na karatasi yako ukutani inasema uko sawa mpaka mwezi wa sita.

16/ Na hata siku ile ya kupimwa, darubini ina mipaka. Virusi vinavyoleta kutapika na kuharisha havionekani kwa darubini ya kawaida ya maabara. Homa ya ini aina ya A humwambukiza mwenzako kabla wewe hujajijua. Taifodi? Wengi hupimwa kwa kipimo cha damu cha Widal, kilichovumbuliwa 1896. Kinatafuta alama za mwili kupambana na vijidudu. Hakikuoneshi kwa uhakika kama vijidudu vyenyewe vimo. Na mbebaji kama Mary havitoi kila siku. Leo choo chake kina vijidudu, kesho hakina. Kikopo kimoja kinaweza kumpitisha.

17/ Sasa twende Kwale kabisa. Huku kwetu minyoo ya safura ni jambo la zamani. Kati ya 2015 na 2017 kulifanyika utafiti mkubwa kaunti hii, unaitwa TUMIKIA, kulinganisha kuwapa dawa watoto wa shule peke yao na kuipa jamii nzima. Mwanzoni karibu mtu 1 kati ya 5 alikuwa na safura. Palipopewa dawa nyumba kwa nyumba, ilishuka kuliko palipopewa shuleni tu. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2019.

18/ Kwa hiyo ukipima choo cha wapishi wa Kwale utakuta safura, hakuna ajabu. Lakini safura haipiti kwenye sambusa! Yai lake lazima lianguke ardhini, litoe kiluwiluwi, nacho kiingie mwilini kupitia ngozi, mara nyingi nyayo za mtu anayetembea peku. Kichocho ndivyo hivyo: kinahitaji konokono na maji ya bwawa au mto. Mgonjwa anastahili dawa, ndiyo. Ila mlaji wa viazi vyake hakuwa hatarini kwa sababu hiyo.

19/ Mamangu mdogo alikuwa akiuza viazi karai na bajia Ukunda. Mwaka mmoja choo chake kilikutwa na safura. Hakuna aliyemwelezea kitu. Aliambiwa tu, "Una minyoo, huwezi kupata cheti, kanywe dawa urudi." Wiki nzima karai halikupanda jikoni. Watoto wake walikuja kula kwetu. Akarudi, akapimwa, akalipa tena, akapata muhuri. Kisima alichokuwa akichotea maji ya kuoshea sahani hakikuguswa. Kilikuwa hatua chache tu kutoka vyoo vya shimo vya jirani.

20/ Hicho kisima ndicho ningependa kisikike kwenye mikutano. Ardhi ya Diani na Ukunda ni mwamba wa matumbawe wenye matundu, kinachomwagwa chooni hakikai pale pale. Na uchungu wa historia ni huu: chemchemi za Marere pale Shimba Hills zilianza kupeleka maji Mombasa tangu enzi za mkoloni, na visima virefu vya Tiwi ndivyo vinavyotegemewa na Pwani Kusini. Maji tunayo, lakini mama wa kibanda bado ananunua mtungi. Mtu anayenunua maji kwa mtungi hanawi mikono mara 20 kwa siku. Utamlaumu?

21/ Tujikumbushe 2017. Juni mwaka huo wajumbe wa kongamano la afya waliugua kipindupindu katika hoteli moja Nairobi. Kongamano la afya! Julai kikaendelea kuzuka kwenye mikusanyiko mingine mjini. Serikali ilifanya nini? Ilifuta vyeti vyote vya wanaoshika chakula nchini na kuagiza wapimwe upya ndani ya siku 21. Yaani kuanzia Nairobi mpaka Lunga Lunga, kila mtu arudi foleni na kikopo.

22/ Tafakarini mantiki yake. Kama vyeti vilikuwa vinalinda, mbona ugonjwa ulipita? Na kama havikulinda, mbona dawa ni kutoa vingine? Sijui kwenu, ila mimi niliona foleni na nikaona mihuri. Kwenye choo cha wafanyakazi nilipokuwa nikifanya kazi, sabuni ilikuwa imeisha tangu wiki iliyotangulia.

23/ Sasa pesa. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaweka chini ya kaunti kazi ya kutoa leseni na kudhibiti biashara zinazouzia umma chakula. Kaunti zilipoanza 2013, ada za afya zikawa sehemu ya mapato yake, zinapitishwa katika sheria ya fedha ya kila kaunti. Hapo cheti kikapata kazi mpya. Kinapojaza kapu la kaunti, nani atakuwa na haraka ya kuuliza kama kinazuia kuharisha?

24/ Na palipo na ada na foleni, pana njia ya mkato. Mwaka mmoja nilikwenda mahali fulani, sitapataja, nikiwa na kikopo changu. Aliyekuwa mezani aliniuliza kama nina haraka. Nikasema ninayo. Nikatoa pesa kidogo juu ya ada, nikagongewa muhuri, nikarudi na kikopo kikiwa kimefungwa vile vile. Sijivuni kwa hilo. Nilikuwa nahofia zamu ya jioni. Lakini mteja aliyekula jikoni kwetu wiki ile aliamini nimepimwa.

25/ Kuna siku nyingine bado inanisumbua zaidi. Cheti kilikuwa halali, cha kweli kabisa, kipo kwenye faili la ofisi. Nikaamka naharisha. Kibarua asipokwenda halipwi, na akikosa mara mbili jina lake linakatwa kwenye orodha. Nikafunga tumbo, nikaenda. Siku hiyo niliombwa nisaidie kukata matunda ya chakula cha asubuhi. Nilikata. Hakuna aliyeniuliza naendeleaje, maana swali lilishajibiwa na karatasi. Sijui kama kuna mgeni aliyeugua. Mary Mallon alifanya vile vile, kwa sababu ile ile.

26/ Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, inampa mfanyakazi aliyemaliza miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za kuugua kwa mshahara kamili na nyingine 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka. Nzuri. Lakini vibarua wa msimu Diani wengi hawaoni hizo siku. Wanaajiriwa, wanaachishwa, wanaajiriwa. Na mwenye kibanda chake mwenyewe hana wa kumlipa hata siku moja. Kwa maoni yangu hiki kifungu kina uwezo wa kuzuia kuharisha kuliko vikopo vyote vya kaunti.

27/ Niwe mkweli kwa upande wa pili, maana wana hoja. Moja, kwa wengi wetu ile ndiyo nafasi pekee ya kuonana na mtu wa afya, na wapo waliogunduliwa wanaumwa wakatibiwa. Mbili, cheti kinampa afisa wa afya ya umma sababu ya kuingia jikoni. Tatu, taifodi ikizuka, kuwapima wapishi wa pale kwa kuotesha vijidudu maabara ni jambo la lazima. Nakubali yote matatu. Lakini la kwanza linataka kliniki ya bure, la pili linataka ukaguzi, la tatu linataka maabara nzuri siku ya mlipuko. Hakuna hata moja linalohitaji muhuri wa kulipia kila miezi 6.

28/ Kwa hiyo yule anayesema "tutafuta ada" tu, anakosea. Akifuta ada na kisima kikabaki vile vile, mama ataokoa pesa kidogo na mlaji atabaki pale pale. Na yule anayesema "tutakaza ukaguzi" akimaanisha kusaka karatasi mifukoni, anakosea zaidi. Wote wawili wanabishana juu ya muhuri.

29/ Wakija tena na kipaza sauti, Ukunda, Msambweni, Kinango au popote, waulizeni haya:
– Pesa zilizokusanywa kwa vyeti mwaka jana ni kiasi gani, na ni bomba gani la maji au choo gani cha soko kilichojengwa kwazo?
– Afisa wa afya akiingia jikoni, anaanza kuangalia nini: faili au sinki?
– Kibarua akiamka anaharisha, nani anamlipa siku hiyo abaki nyumbani?
– Mtu akikutwa na safura, kwa nini anyimwe cheti badala ya kupewa dawa hapo hapo?

30/ Mamangu mdogo alishaacha kukaanga, magoti yamemchoka. Binti yake ndiye anaendesha karai sasa, na cheti chake kimetundikwa ndani ya nailoni ukutani kisipate mafuta. Wiki iliyopita nilimpelekea ndoo ya bomba, zile zenye koki chini, na mche wa sabuni. Akaniuliza, "Kaka, hii nayo wanagonga muhuri?" Nikamwambia bado. Mwisho wa uzi. Mwenye hoja alete, matusi abaki nayo.